Kuwinda Fezanti na Kulungu Minnesota: Hatari Haziko Unakozitazamia

Ndugu zangu wa Kondoa wakisikia kwamba huku Minnesota, Marekani, ninawinda, swali lao la kwanza huwa ni lile lile: huogopi kupigwa risasi na mtu usiyemjua, katika misitu iliyojaa watu wenye silaha? Ni swali la haki, kwa kuwa mwezi wa Novemba, msimu wa kulungu unapofunguliwa, mamia ya maelfu ya watu huingia mashambani na misituni mwa jimbo hili kwa pamoja. Lakini baada ya kuwinda hapa kwa miaka kadhaa, na baada ya kukaa na wazee waliozaliwa ndani ya kazi hii, nimeridhika kwamba mgeni yule wa kuogopwa si tatizo kubwa. Katika uwindaji wa fezanti, ndege wa mashambani, anayepigwa marisau, yaani zile risasi ndogo ndogo za kupigia ndege, kwa kawaida hupigwa na mwenzake waliyeshuka naye gari moja. Na katika uwindaji wa kulungu, kinachowapeleka wengi hospitali ni kuanguka kutoka kwenye ulingo walioufunga juu ya mti kwa mikono yao wenyewe. Mtu akilielewa hilo mapema, atajua pa kuweka akili yake.

Nilikotoka, uwindaji niliouona utotoni ulikuwa wa gobore. Mzee mmoja wa kijijini alikuwa akitoka alfajiri kufuata kanga waliokuwa wakifukua mbegu mashambani, peke yake, na sisi watoto tulikatazwa kumfuata mpaka tusikie mlio na kumwona akirudi. Amri hiyo peke yake ilikuwa somo zima la usalama, kwa sababu mtu anayewinda peke yake, akiwa na risasi moja tu na hakuna mtu mbele yake, ana mambo machache ya kuchunga. Huku mambo ni kinyume. Watu huwinda kwa makundi, wakiwa na mbwa, katika mashamba yenye barabara, nyumba na ng'ombe, na kila mmoja ana bunduki inayoweza kufyatua mara kadhaa bila kupumzika.

Sheria ya Minnesota inamtaka mtu aliyezaliwa baada ya Desemba 31, 1979 awe na cheti cha mafunzo ya usalama wa silaha kabla ya kununua leseni ya kuwinda kwa bunduki. Nilipokwenda kwenye siku ya mazoezi ya darasa hilo nilijikuta nimekaa benchi moja na watoto wa miaka kumi na miwili, mimi nikiwa na mvi kidevuni, na nakiri kwamba watoto wale walijibu maswali haraka kuliko mimi. Kanuni tulizofundishwa ni nne. Kila bunduki ichukuliwe kuwa ina risasi, hata kama umeikagua sasa hivi. Mtutu uelekee daima mahali ambapo hata ikifyatuka kwa bahati mbaya hakuna atakayeumia. Uwe na hakika ya unachokilenga, pamoja na kilicho mbele yake na nyuma yake. Na kidole kikae nje ya kikingio cha kifyatulio mpaka utakapokuwa tayari kupiga. Mtu mzima akizisikia huona ni mambo ya kitoto. Uzito wake hauonekani darasani; unaonekana saa nane mchana, miguu imechoka, matope yameganda kwenye viatu, na ndege anaruka ghafla kutoka chini ya nyayo zako kwa kishindo kinachoushtua moyo.

Ndege mwenyewe ni fezanti, wa jamii ya kwale na kanga, aliyeletwa Marekani kutoka Asia karne ya kumi na tisa na akazoea mashamba ya mahindi na nyasi ndefu. Jogoo wake ana shingo ya kijani inayometameta, pete nyeupe shingoni na mkia mrefu. Jike ana rangi ya nyasi kavu. Hapa Minnesota jogoo peke yake ndiye anayeruhusiwa kupigwa, na kazi huanza saa tatu asubuhi na kukoma jua linapotua. Sheria hiyo ya jogoo tu inasaidia usalama kwa namna ambayo wengi hawaifikirii: inamlazimisha mwindaji kumtazama ndege kabla ya kuinua bunduki, atafute rangi, atafute mkia, aseme moyoni "huyu ni jogoo". Katika nusu sekunde hiyo mtu hupata pia nafasi ya kuona kilicho nyuma ya ndege.

Tunapoingia shambani hutembea kwa mstari mmoja ulionyooka, tukiachana kiasi cha hatua thelathini hivi, na kila mmoja ana eneo lake la kupiga. Aliye katikati hupiga mbele yake; wa kushoto hupiga mbele na kushoto; wa kulia vivyo hivyo upande wake. Maelezo hayo ni mepesi kwenye karatasi, lakini mstari haubaki mstari. Mmoja huingia kwenye matete yenye maji na kuchelewa, mwingine humfuata mbwa aliyenusa kitu na kujikuta yuko mbele kwa hatua ishirini, na hapo hapo ndege huruka. Kwa hiyo jambo ninalolihimiza kuliko yote ni kusema. Aliyekwama kwenye matete apaaze sauti, aliyetangulia asimamishwe, na mstari mzima usubiri mpaka kila mmoja amwone mwenzake. Wapo wanaoona kwamba kelele huwatorosha ndege, na ni kweli baadhi yao hutoroka. Mimi nimechagua kuwinda na watu wanaokubali hasara hiyo.

Ajali ya kawaida kabisa katika uwindaji huu hutokea pale mtu anapomfuata ndege kwa mtutu. Ndege anaruka mbele, anakata kwenda kulia, mwindaji anazungusha kiwiliwili chake akimfuata, macho yote yako kwa ndege, na mtutu unapita juu ya mwenzake kabla ya mlio kusikika. Aliyepiga huwa hakumwona kabisa mtu aliyempiga, maana macho yakishamkaza ndege, kila kitu kingine hufutika. Dawa yake ni kuamua kabla ya kuanza kutembea kwamba ndege akivuka mpaka fulani, kwa mfano mti ule au bega la jirani yangu, si wangu tena, naye anaweza kwenda salama. Ndege anayerudi nyuma ya mstari anaweza kupigwa, lakini kwanza mtutu unyanyuliwe juu mbinguni, mtu ageuke mzima mzima, ndipo aushushe tena upande wa pili.

Kanuni ya pili, ambayo nimeifanya sharti kwa kila anayetoka nami, ni kwamba lazima uone anga chini ya ndege. Kijana mmoja wa Kigoma aliyekuja kuwinda nasi kwa mara ya kwanza alinilaumu waziwazi siku jogoo alipoibuka karibu kabisa nami akaruka chini chini juu ya nyasi.

"Kaka, yule si alikuwa wetu kabisa? Mbona umemwacha?"

"Mdogo wangu, chini yake uliona nini?"

"Nyasi tu."

Nikamwambia atazame vizuri. Mbwa wetu alichomoza kutoka kwenye nyasi zile zile, ulimi nje, akiwa bado anamkimbilia ndege aliyekwisha potea, na mgongo wake ulikuwa kwenye usawa ule ule ambao ndege alipita. Kijana hakuuliza tena, na tangu hapo yeye ndiye anayewakumbusha wengine. Kwa sababu hiyo hiyo, ndege aliyejeruhiwa anayekimbia ardhini haachiwi risasi, huachiwa mbwa.

Ugumu huongezeka tunapofika mwisho wa shamba, kwani fezanti hupenda kukimbia kwa miguu kuliko kuruka, na watu huwaweka wenzao mwishoni kuwazuia. Waliosimama na wanaokuja wanatazamana uso kwa uso, wote wana bunduki, na ndege wote waliokuwa wakikimbia sasa wamebanwa katikati. Wakati huo hakuna anayepiga ndege wa usawa wa mtu, hata awe mzuri vipi. Marisau madogo humwangusha ndege kwa uhakika katika mita thelathini au arobaini tu, lakini huendelea kusafiri na yanaweza kulitoboa jicho kwa umbali wa zaidi ya mita mia moja, na ndiyo maana navaa miwani ya kinga tangu ninaposhuka garini, hata siku ya mawingu.

Lipo jambo moja la risasi zenyewe ambalo ningependa kila mwenye bunduki zaidi ya moja nyumbani alione kwa macho yake. Mkufunzi wetu alichukua mtutu mtupu wa bunduki ya geji 12, ulioondolewa kwenye bunduki yake, akatoa risasi ya mfano ya geji 20, ambayo ni nyembamba kuliko ya geji 12, isiyo na baruti, akaiachia iteleze ndani. Ilishuka kidogo, ikapita chumba cha risasi, ikakwama mbele yake, na ukichungulia upande wa nyuma kwa haraka hukuona kitu. Kisha akaweka nyuma yake risasi ya geji 12, ikaingia bila shida yoyote. Mtu akifyatua bunduki iliyo hivyo, mtutu hupasuka karibu na mkono wake wa kushoto. Ndiyo sababu huku risasi za geji 20 hutengenezwa kwa ganda la manjano, ili zijulikane mara moja, lakini rangi haisaidii vidole vilivyoganda vikipapasa mfukoni. Ninayetumia geji 12 siweki risasi ya geji nyingine katika koti hilo kamwe, na kabla ya kurudi nyumbani hukung'uta mifuko yote. Theluji na matope navyo huziba mtutu. Ukiteleza ukaanguka, toa risasi zote na uchungulie mtutu kutoka upande wa nyuma kabla ya kuendelea.

Kwenye uzio wa seng'enge, bunduki hutolewa risasi, hufunguliwa, hulazwa chini na kusukumwa upande wa pili mtutu ukitazama mbali, ndipo mwenyewe avuke. Wakiwa wawili, mmoja hushika bunduki zote zikiwa wazi. Sina la kuongeza hapo.

Kulungu ni kazi ya namna nyingine, ya kukaa kimya na kungoja. Huyu wa hapa ni kulungu wa mkia mweupe, ambaye akishtuka huinua mkia huo ukaonekana kama kitambaa kinachopepea, na kwa sababu hiyo mtu mwenye akili haingii msituni na leso nyeupe, wala hatoi karatasi nyeupe ya chooni bila kufikiri. Wakati wa msimu wa bunduki, sheria inataka kofia na vazi la nje juu ya kiuno viwe vya rangi ya machungwa kali inayowaka, au ya waridi kali. Kulungu haitofautishi vyema rangi hiyo na majani, lakini binadamu huiona kutoka mbali sana. Watu wanaovaa kizibao cha machungwa kisha wakabeba mkoba mkubwa wa rangi ya majani mgongoni hunisikitisha, maana kwa aliye nyuma yao wametoweka. Nami hufunga kitambaa cha machungwa juu ya mkoba, na kingine juu ya mzoga ninapouvuta kutoka msituni.

Sasa ulingo. Wengi hukaa juu, mita nne au tano kutoka chini, kwenye kiti cha chuma kilichofungwa mtini kwa mikanda, na kwa upande wa risasi hiyo ni faida, kwa kuwa anayepiga kutoka juu hupeleka risasi ardhini badala ya kuiachia isafiri. Risasi ya raifo kubwa inaweza kwenda kilomita kadhaa isipopata kizuizi. Kwa miaka mingi raifo hizo hazikuruhusiwa kuwindia kulungu katika mashamba ya kusini mwa jimbo hili; wengi walitumia bunduki ya geji yenye risasi moja nzito, isiyofika mbali hivyo. Lakini faida hiyo ya urefu ina gharama yake. Mikanda inayofunga kiti huachwa nje mwaka mzima, ikapigwa na jua, baridi na meno ya kindi, na mti wenyewe hunenepa na kuikaza mpaka inachanika kwa ndani bila kuonekana. Mikanda ya mwaka jana siitumii. Naiondoa msimu ukiisha, na msimu mpya nafunga mipya mchana, nikiwa na mwenzangu chini.

Kuhusu mikanda ya kujifunga mwilini, kosa ninaloliona kwa wengi, wakongwe wakiwemo, ni kuivaa na kuiunganisha na mti baada ya kufika juu. Hatari kubwa iko katika kupanda, katika kushuka, na hasa katika ile hatua ya kutoka kwenye ngazi kuingia kitini, gizani, vidole vikiwa na glavu nene na ngazi ikiwa na barafu. Kwa hiyo kamba ya uhai hufungwa kutoka juu ya kiti hadi chini ya mti, ikiwa na fundo linaloteleza unapolisukuma kwa mkono na kukaza unapoanguka, na mtu huunganishwa nalo miguu ikiwa bado ardhini. Anapopanda huwa na viungo vitatu vinavyogusa ngazi wakati wote: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Bunduki haipandi naye. Hubaki chini bila risasi, ikiwa wazi, imefungwa kwa kamba mbali na kifyatulio, mtutu ukitazama chini, na huvutwa juu akishakaa na kujifunga.

Kujifunga nako kuna namna yake. Kamba inayomuunganisha na mti iwe fupi kiasi kwamba akikaa haina ulegevu, ili akiteleza aning'inie karibu na kiti na aweze kurudi. Anayening'inia kwa muda mrefu bila kuitikisa miguu, damu hutuama miguuni na anaweza kuzimia, hata kufa, ingawa mikanda imemshika vizuri. Kwa hiyo mikanda mingi huuzwa na utepe mdogo wa kukanyagia. Uwe mfukoni pamoja na simu, filimbi na kisu, katika mfuko ambao mkono unaufikia ukiwa umening'inia. Simu iliyo kwenye mkoba uliotundikwa kwenye tawi haina faida kwako. Na kama mtu ana umri, uzito au magoti yasiyomruhusu haya yote, akae chini kwenye kibanda cha kitambaa chenye alama ya machungwa kwa nje. Kulungu wengi wameanguka mbele ya watu waliokaa ardhini.

Namna ya kumtazama mnyama nayo ina adabu yake. Darubini iliyo juu ya raifo haitumiki kutafutia. Ukiitumia kutambua kitu kinachotikisika vichakani, tayari umemwelekezea bunduki kitu usichokijua, na siku moja kitakuwa mtu. Darubini ya kutazamia huning'inizwa shingoni, bunduki hubaki mapajani, na mtutu haunyanyuki mpaka mnyama aonekane mzima, kichwa na kiwiliwili, na nyuma yake pawe na udongo: mteremko, ukingo wa mto, au ardhi tambarare unayoiona kutoka juu. Kulungu aliyesimama kwenye kilele cha kilima, anga likiwa nyuma yake, ni picha nzuri sana, naye aachwe awe picha. Sheria huruhusu kupiga mpaka nusu saa baada ya jua kutua, na katika sehemu kubwa ya Novemba jua hutua huku kabla ya saa kumi na moja jioni. Mimi hufunga kazi mapema kuliko sheria inavyonitaka, kwa kuwa mwanga ule wa mwisho huifanya kila pembe ya kichaka ionekane kama pembe ya dume, na pia kwa kuwa kumfuatilia aliyejeruhiwa gizani ni balaa lingine.

Mnyama akiwa amesimama ubavu, sehemu ya kulenga ni nyuma kidogo ya bega, theluthi moja kutoka mstari wa chini wa kifua, ambapo mapafu na moyo vipo. Anayekutazama usoni, au anayekimbia, aachwe. Baada ya kupiga, mtu hutamani kuruka chini amkimbilie, asiende. Kwanza, mikono inatetemeka na ngazi haisamehe mikono inayotetemeka. Pili, mnyama aliyelala karibu hufa kwa utulivu usipomfukuza. Ninasubiri nusu saa, kisha nashuka na kusoma damu. Damu nyekundu nyangavu yenye povu inatoka mapafuni, na mnyama hayuko mbali. Damu iliyokoza sana huashiria ini, na majimaji ya kijani yenye harufu huashiria matumbo; hapo unarudi nyuma kimya kimya na kusubiri saa nyingi, sita au zaidi, kabla ya kumfuata.

Kwa sisi Waislamu lipo jambo la ziada ambalo vitabu vya huku havilitaji. Tunasoma Bismillahi kabla ya kufyatua, na wanazuoni wengi wa zama hizi wanakubali kwamba risasi inayopenya inahalalisha windo likikutwa limekufa. Likikutwa na uhai, inabidi lichinjwe. Matokeo yake nimeona watu wakimkimbilia kulungu aliyeanguka wakiwa na kisu mkononi, wakihofia kwamba akifa kabla ya kuchinjwa nyama itapotea. Hiyo ni hatari kubwa. Kulungu dume anaweza kuzidi kilo tisini, kwato zake zinachana, pembe zake zinatoboa, na aliyelala ubavu anaweza kunyanyuka kwa ghafla. Msogelee kutoka upande wa mgongo, bunduki ikiwa tayari, mtazame kifua kama kinapumua, kisha uguse jicho kwa fimbo ndefu. Jicho lililo wazi lisilopepesa limekwisha. Likipepesa, rudi nyuma na umalize kwa risasi ya pili, kwa jina la Mungu vilevile. Mwenye shaka amuulize shehe wake kabla ya msimu, si akiwa amesimama juu ya mnyama.

Kutumbua hufanywa na mtu mmoja mwenye kisu, mwingine akishika miguu. Visu viwili tumboni kwa wakati mmoja ni vidole vilivyokatika. Glavu ndefu za mpira ni lazima. Jimbo jirani la Wisconsin liligundua mwaka 2002 ugonjwa unaowadhoofisha kulungu mpaka kufa, unaosababishwa na prioni, yaani protini iliyoharibika umbo, na hapa Minnesota ulionekana kwa kulungu wa porini mwaka 2010. Hakuna binadamu aliyethibitishwa kuupata, lakini ushauri wa kiafya ni kutokula mnyama aliyeambukizwa, na kupika hakuui prioni. Kwa hiyo siukati uti wa mgongo wala kichwa kwa msumeno. Natoa nyama kwenye mifupa, nampelekea mpimaji tezi za shingo, na nyama hukaa kwenye jokofu ikiwa na karatasi yenye namba mpaka majibu yatoke. Vipande vya risasi ya madini ya risasi navyo husambaa katika nyama mbali kuliko jicho linavyoona, na kwa kuwa nyumbani kuna watoto nilihamia kwenye risasi za shaba na bado nakata kwa ukarimu sehemu yote iliyozunguka jeraha.

Kumvuta mnyama kutoka msituni kunaua watu kila mwaka, na hapana bunduki inayohusika. Mtu wa ofisini, mwenye umri wa makamo, aliyekaa baridi tangu alfajiri bila maji, anashika pembe na kuvuta mzigo huo kwenye theluji kwa nguvu zake zote, na moyo unasimama. Tumia sinia la plastiki la kuteleza, vuta hatua chache upumzike, na ita mtu. Ndiyo maana kabla ya kutoka naacha mezani karatasi inayosema gari litakuwa wapi, nitakaa mti gani, na saa ambayo mke wangu akifika bila kunisikia aanze kupiga simu. Nguo ya ndani iwe ya sufu au ya sintetiki, si pamba, kwani pamba ikilowa jasho haikauki na baridi ya huku haina huruma. Ukirudi, jikague kupe mwili mzima, kwapani na nyuma ya magoti; kupe wadogo weusi wa kulungu hueneza ugonjwa wa Lyme, na siku za Novemba zenye joto kidogo bado wanatembea.

Mwisho ni suala la wageni. Kila mwaka ndugu anayekuja kutembea huomba kushika bunduki walau apige picha, na hapo nimekuwa mgumu hata kwa watu wa damu yangu. Sheria ya shirikisho la Marekani inawakataza walioingia kwa viza ya muda kumiliki au kushika silaha na risasi, isipokuwa wenye sababu maalumu kama leseni halali ya uwindaji, na asiye na hadhi halali ya ukaazi amekatazwa kabisa. Mwenye viza anayetaka kuwinda aanze na leseni na mwanasheria, aje shambani baadaye. Wengine huja nami kwenye fezanti wakiwa na darubini shingoni na kizibao cha machungwa, wakitembea nyuma ya mstari, hatua chache nyuma yangu, na kazi yao ni kupiga kelele wakiona mstari umepinda. Shemeji yangu aliifanya kazi hiyo mwaka juzi kwa bidii kiasi kwamba mzee mwenye shamba alimwomba arudi.